Kalamu au Kipanya? Uteuzi wa Kifaa na Hatima ya Uso katika Urekebishaji wa Picha Wilayani Kinondoni

1.0 Utangulizi

Picha inayopigwa katika studio za Mwananyamala, Magomeni au Mwenge haitoki moja kwa moja kwenye kamera na kuingia kwenye printa. Kati yake ameketi fundi mbele ya kompyuta, naye ndiye anayeamua mteja atatoka na uso gani. Mtaani kazi hiyo huitwa kuediti. Makala hii inaiita urekebishaji wa picha, kwa kuwa neno kusafisha, ambalo huenda lingefaa zaidi, lina maana yake tangu enzi za filamu, yaani kuitoa picha kwenye filamu kwa kutumia dawa.

Kwa kawaida fundi huyo hutumia kipanya, jina ambalo wakazi wa Dar es Salaam wamewahi kuipa pia daladala ndogo. Wachache hutumia kibao cha kalamu, yaani ubao bapa unaounganishwa na kompyuta na kuchorewa kwa kalamu isiyo na wino, huku matokeo yakionekana kwenye kioo. Kibao hicho kisichanganywe na kishikwambi, neno lililozoeleka nchini wakati wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022. Kishikwambi ni kompyuta kamili, ilhali kibao cha kalamu hakifanyi chochote kisipounganishwa na kompyuta.

Ulinganisho wa vifaa hivi viwili mara nyingi huishia kwenye kasi na bei. Hoja ya makala hii ni kwamba vigezo hivyo havigusi kiini cha suala. Kwa kazi za kila siku za studio ya mtaani, kipanya kinatosha, na kununua kalamu hakutapunguza foleni ya wateja. Umuhimu wa kalamu huonekana kwenye ngozi ya uso. Hapo hautokani na kasi, bali na uwezo wa fundi kugusa sehemu ndogo kwa nguvu ndogo bila kuufunika uso mzima kwa amri moja.

2.0 Namna kila kifaa kinavyousoma mkono

Kipanya kilibuniwa na Douglas Engelbart na wenzake huko California, kikaonyeshwa hadharani Desemba 1968. Hakikukusudiwa kuchora, bali kuelekeza na kuteua. Kwa sababu hiyo kinaipa kompyuta taarifa za aina mbili tu: kimesogea kiasi gani, na kitufe kimebonyezwa au hakikubonyezwa. Kipanya hakijui kiko wapi juu ya meza. Ukikinyanyua na kukiweka upande wa pili, mshale unabaki pale pale. Wala hakijui kama kidole kimekigusa kwa upole au kwa hasira.

Kibao cha kalamu kinajua yote mawili. Kila nukta ya kibao inalingana na nukta ya kioo, hivyo mkono ukienda kwenye pembe ya juu kulia, mshale nao uko pembe ya juu kulia. Katika vibao vya Wacom, kampuni ya Kijapani iliyoanzishwa mwaka 1983, kalamu haina hata betri. Nyaya zilizotandazwa chini ya kibao hutoa nguvu ya sumaku-umeme, koili iliyo ndani ya kalamu huipokea na kuirudisha, na kutokana na jibu hilo kibao hutambua mahali ilipo ncha na uzito unaoikandamiza. Vibao vya zamani vilitangazwa kuwa na ngazi 1024 za mkandamizo, na vingi vya sasa vinatangazwa kuwa na 8192. Kwa maoni ya mwandishi, namba ya pili ni ya kuuzia zaidi kuliko ya kufanyia kazi. Tofauti kubwa ni ile iliyopo kati ya kifaa chenye ngazi na kifaa kisicho na ngazi kabisa.

Katika programu ya Adobe Photoshop, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1990, mkandamizo huo unaweza kuunganishwa na upana wa brashi au na ukolevu wa rangi. Ni kweli kwamba mwenye kipanya naye anaweza kupata ukolevu wa asilimia 10, kwa kuuchagua kabla ya kuanza. Lakini mpigo wake wote wa brashi utakuwa na asilimia hiyo tangu mwanzo hadi mwisho. Akitaka uanze hafifu, ukolee katikati na kufifia tena, itambidi asimame, abadilishe, aendelee, asimame tena. Mwenye kalamu hufanya hayo kwa pumzi moja.

Ikumbukwe kwamba kalamu si mgeni katika fani hii. Upigaji picha wa studio katika pwani yetu una historia ndefu: studio ya A. C. Gomes ilikuwapo Zanzibar tangu karne ya 19, na Capital Art Studio ya Ranchhod Oza ilianzishwa huko mwaka 1930. Katika enzi hizo za negativu, chombo cha kawaida cha mrekebishaji wa picha, duniani kote, kilikuwa penseli. Aliiweka negativu juu ya meza yenye mwanga unaotokea chini, akaipaka dawa ya kushikisha risasi, kisha akaijaza mikunjo na madoa kwa penseli iliyochongwa kama sindano. Kwa kuwa negativu hugeuza nuru kuwa giza, kila mahali palipoongezwa risasi palitoka peupe zaidi kwenye karatasi. Kwa maneno mengine, penseli ilijua kung'arisha tu. Aliyetaka kutia giza alilazimika kuikwangua negativu kwa kisu, kazi ya hatari ambayo haina marudio. Mwelekeo wa kuupeleka uso kwenye weupe, basi, haukuletwa na kompyuta. Ulikuwamo tayari ndani ya chombo chenyewe cha kazi.

3.0 Suala la kasi

Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Paul Fitts, alionyesha kwamba muda wa kuufikisha mkono kwenye shabaha hutegemea umbali wa shabaha hiyo na upana wake. Kanuni hiyo ndiyo iliyotumiwa baadaye kuvilinganisha vifaa vya kompyuta. Katika utafiti wa MacKenzie, Sellen na Buxton wa mwaka 1991, kalamu ilikishinda kipanya katika kuelekeza, lakini haikukishinda katika kuburuta, yaani kusogeza kitu huku kitufe kikiwa kimebonyezwa. Matokeo hayo hayawapi ushindi mashabiki wa upande wowote, na pengine ndiyo sababu hayatajwi sana.

Tuyapeleke matokeo hayo kwenye picha ya pasipoti. Fundi hukata picha kwa vipimo, hubadilisha rangi ya nyuma, hupanga nakala kadhaa kwenye karatasi moja na kuzichapa. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuchagua amri, kuburuta pembe na kubonyeza vitufe vya kibodi. Hakuna mahali mkandamizo unapohitajika, na fundi aliyezoea kipanya atamaliza kabla mwenzake hajaishika kalamu vizuri. Aidha, katika picha ya utambulisho uso haupaswi kuguswa kabisa. Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga kuhusu hati za kusafiria haviruhusu picha iliyorekebishwa kwa namna inayobadili mwonekano wa mhusika, na pasipoti ya kielektroniki ambayo Tanzania ilianza kuitoa mwaka 2018 imejengwa juu ya viwango hivyo. Kwa kazi hiyo swali la kalamu au kipanya halina uzito.

Lina uzito kidogo zaidi katika kufuata mipaka: shela la bibi harusi, nywele, mkono wa mtu aliyesimama mbele ya mwingine. Accot na Zhai walieleza mwaka 1997 kwamba muda wa kupita katika njia nyembamba huongezeka kadiri njia inavyorefuka na kupungua upana. Mpaka wa shela ni njia ya namna hiyo hasa, ndefu na nyembamba. Hata hapa, hata hivyo, fundi wa kipanya ana mbinu yake: huweka nukta moja baada ya nyingine na kuzifunga kuwa mstari. Huchelewa, lakini hufika.

4.0 Ngozi

Kwenye ngozi hali ni nyingine, na ndipo tofauti ya vifaa inapogeuka kuwa tofauti ya matokeo. Ngozi nyeusi chini ya taa ya studio hurudisha mwanga kwa mng'ao kwenye paji la uso, puani na kwenye mifupa ya mashavu, huku sehemu zinazoizunguka zikibaki na rangi nzito. Kati ya mng'ao huo na rangi hiyo kuna ngazi nyingi, nazo ndizo zinazoupa uso umbo. Fundi asiye na njia ya kuzigusa moja moja huiendea amri ya kulainisha, ambayo huchanganya kila pikseli na majirani zake. Mng'ao humwagikia pembeni, rangi nzito hupauka, na uso hutoka kama uliopakwa majivu. Kisha, ili kuondoa upaukaji huo, huongeza mwanga. Amri mbili tu, zisizozidi dakika moja, na mteja amekuwa mweupe bila mtu yeyote kukusudia.

Itasemwa kwamba wapo wateja wanaokusudia. Ni kweli, na jiji lililolipa jina mkorogo haliwezi kujifanya halijui tamaa hiyo. Kalamu haiwezi kumzuia mteja kuomba weupe, wala fundi kumpa. Jambo linalodaiwa hapa ni dogo kuliko hilo: mteja ambaye hakuomba asipewe. Kwa kalamu, fundi anaweza kuupunguza mng'ao wa paji la uso kwa mipigo hafifu, kuondoa chunusi iliyotokea wiki ya harusi na kuliacha kovu la utotoni, kisha kutia giza chini ya kidevu alikoondoa kivuli bila kukusudia. Tofauti na mwenye penseli wa zamani, anaweza kwenda pande zote mbili, kwenye nuru na kwenye giza, na kurudi.

Uzito wa jambo hili huonekana zaidi katika picha ya marehemu. Familia huja jioni na picha ya pamoja iliyopigwa kwenye sherehe miaka mingi iliyopita, au kitambulisho kilichofifia, na picha kubwa inatakiwa asubuhi kabla ya kuaga. Tuchukue mfano wa bibi wa Kimakonde, jambo lisilo geni katika wilaya ambayo soko la vinyago la Mwenge limejengwa na mikono ya wachongaji wa jamii hiyo. Usoni ana chale: mistari myembamba, myeusi, iliyopangwa kwa ustadi mashavuni na kwenye paji la uso. Kwa amri ya kulainisha, chale na mkunjo wa uzee ni kitu kimoja, kwani vyote ni mistari myeusi myembamba. Amri hiyo huvifuta vyote, au huviacha vyote pamoja na mikwaruzo ya karatasi. Kuutenganisha mkwaruzo na chale kunahitaji mtu anayejua chale ni nini, na kifaa kinachomruhusu kupita katikati ya mistari miwili bila kuigusa. Programu mpya zinazorekebisha nyuso zenyewe hazijaliondoa tatizo hili, kwa sababu nazo zinaanza na dhana kwamba ngozi nzuri ni ngozi isiyo na alama.

Picha hiyo itabebwa mbele ya jeneza, na baadaye itatundikwa sebuleni. Wajukuu ambao hawakumwona bibi yao watamjua kwa uso huo.

5.0 Masharti ya kazi

Haitoshi kukinunua kibao. Siku za mwanzo humkatisha fundi tamaa, kwa sababu mkono uko mezani na jicho liko kwenye kioo, na wengi hukirudisha kwenye boksi kabla ya kuizoea hali hiyo. Uwiano wa kibao usipolinganishwa na ule wa kioo, duara huchorwa kama yai, na lawama huangukia kalamu. Ncha huchakaa na kuhitaji kubadilishwa. Katika studio ambamo watu watatu hupokezana kompyuta moja, kalamu hupotea, na kibao bila kalamu yake ni ubao tu. Umeme unapokatika, vifaa vyote viwili ni sawa.

Kwa hiyo si kila meza inahitaji kibao. Studio yenye kompyuta kadhaa inaweza kubaki na vipanya kwa picha za pasipoti, mialiko na kadi, ikaweka kibao kimoja kwenye meza inayopokea picha za harusi na za marehemu, chini ya fundi mmoja anayewajibika nacho. Fundi huyo afanye marekebisho yake kwenye tabaka tofauti juu ya picha ya asili, ili yeyote katika familia atakayesema kabla ya kuchapa kwamba huyu siye, aonyeshwe uso ulioletwa na uliorekebishwa kwa pamoja, na kila mpigo uweze kuondolewa.