SARAFU YENYE KASORO: JINSI YA KUIPIMA

Mtu wa mtaa wa West Indies mjini Eldoret akirudishiwa chenji dukani, huenda akaona sarafu moja haifanani na nyingine: picha imekaa kando, au ukingo umepinda. Mara huambiwa kwamba sarafu kama hiyo hununuliwa kwa maelfu. Kabla ya kufurahi, yampasa ajiulize: Je, kasoro hii ilitokea kiwandani, au mikononi mwa watu?

Sarafu hutengenezwa kwa kukata kipande cha madini cha mviringo, kisha kukigandamiza kwa nguvu baina ya mihuri miwili. Kipande kisipokaa sawasawa, picha hukatika upande mmoja, na upande wa pili hubaki mtupu. Hiyo ni kasoro ya kweli, nayo hupendwa na wakusanyaji kwa kuwa wakaguzi wa kiwanda huzitupa nyingi. Lakini sarafu iliyogongwa kwa nyundo au kuunguzwa motoni imeharibika tu. Hali kadhalika shilingi 20 iliyong'olewa kitovu chake. Ukiwa na shaka, ilinganishe na sarafu nyingine ya thamani ile ile na mwaka ule ule: zipime zote mbili kwa mizani ya sonara, na uzijaribu kwa sumaku.

Tena, ugeni si thamani. Shilingi 40 ya mwaka 2003, yenye sura ya Rais Mwai Kibaki, si kosa. Ilitolewa kuadhimisha miaka 40 ya uhuru wa Kenya. Senti 10 ya Afrika ya Mashariki ya mwaka 1936, ile yenye tundu, ina jina la Mfalme Edward VIII, aliyetawala kwa muda usiotimia mwaka mmoja. Ni nchi chache zilizotoa fedha zenye jina lake. Hata hivyo senti hizo zilichapwa kwa wingi, basi bei yake kwa kawaida ni ndogo.

Kinyume chake, shilingi kuukuu ya Afrika ya Mashariki isidharauliwe. Zilizochapwa tangu mwaka 1921 hadi 1946 zina robo ya fedha halisi. Zile za mwaka 1948 na baadaye ni za shaba na nikeli. Kwa hiyo soma mwaka kwanza.

Usiisugue sarafu kwa mchanga wala majivu ili ing'ae, maana mikwaruzo huipunguzia bei. Ihifadhi katika karatasi kavu, uishike kwa ukingo.

Mwisho, jihadhari na mtu anayeahidi bei kubwa bila kuiona sarafu yako, kisha akataka umpelekee ada kwanza. Wako wanaopoteza akiba ya nyumba kwa tamaa ya senti moja. Mnunuzi wa kweli hutoa fedha, hadai fedha.