Moto Mmoja, Amri Moja
Kati ya Septemba na Oktoba 1970, moto wa nyika na misitu uliunguza jimbo la California, Marekani, kwa siku 13. Watu 16 walifariki na majengo zaidi ya 700 yakateketea. Kila kikosi kilijitahidi, lakini redio za idara mbalimbali hazikusikilizana, na neno moja lilikuwa na maana tofauti kwa kila idara.

Kutokana na msiba huo ulibuniwa utaratibu mpya. Serikali za mitaa, zimamoto na waganga wa dharura hukubaliana shabaha moja na kutumia istilahi zile zile; kila msimamizi huongoza watu wachache tu, ili asizidiwe. Mwaka 2004 utaratibu huo ulifanywa wa taifa zima. Umoja ni nguvu, lakini hauna budi kufanyiwa mazoezi kabla moto haujawaka.