Fundi cherehani anayefundisha hapotezi wateja

KARIBU kila mji mdogo nchini una fundi cherehani aliyemshonea baba sare ya shule na sasa anamshonea mtoto. Wengi wa mafundi hao hawakuisomea kazi hii darasani. Walikaa barazani kwa fundi mwingine, wakaanza na vifungo, wakamaliza na kola.

Hata hivyo, wapo wanaosita kufundisha. Wanahofia kwamba mwanafunzi akishaiva atafungua kibanda jirani na kuondoka na wateja. Hofu hiyo inaeleweka, lakini hesabu inasema vingine.

Chukua mfano wa fundi anayefanya kazi kwa muda wa saa 8 kwa siku. Sketi moja ya sare humchukua saa 2, na kati ya hizo, nusu saa huishia kwenye pindo, vifungo na pasi. Akiwa peke yake anamaliza sketi 4. Akimwachia mwanafunzi kazi hizo ndogo, anamaliza sketi 5 na kubakiwa na nusu saa ya kufundisha. Ikiwa ushonaji wa sketi moja ni Sh 5,000, pato la siku linapanda kutoka Sh 20,000 hadi Sh 25,000. Akitoa Sh 2,000 za nauli na chakula cha mwanafunzi, bado ana ziada ya Sh 3,000.

Ziada hiyo hupatikana pale tu oda zinapokuwapo, yaani Januari shule zinapofunguliwa, karibu na Idi na Krismasi, na baada ya mavuno. Nyakati hizo fundi mmoja huelemewa. Mteja akiambiwa "njoo kesho" mara tatu, anakwenda kununua mtumba. Mshindani mkubwa wa fundi ni rundo hilo la mitumba, si mwanafunzi wake.

Mwanafunzi mpya asikabidhiwe kitambaa cha mteja. Aanze kwa kukanyaga cherehani isiyo na uzi, akifuata mistari ya karatasi ya daftari. Kisha akate magazeti ya zamani na kushona mabaki.

Makubaliano yaandikwe mbele ya mzazi: muda wa mafunzo, ada kama ipo, nani atalipa kitambaa kikiharibika, na lini mwanafunzi ataanza kupata mgawo wa malipo. Akishaiva, anaweza kwenda VETA, ambayo hupima ujuzi uliopatikana kazini na kuutambua rasmi.

Kwa mtoto wa mkulima, cherehani ya miguu haihitaji umeme na humpa kipato wakati wa kiangazi. Kwa fundi ambaye macho yameanza kuchoka, mwanafunzi mwaminifu ni akiba ya uzeeni: mzee anapima na kukata, kijana anashona, wateja wanabaki palepale.

Anayetaka msaidizi wa msimu wa sare aanze kumfundisha Septemba. Akisubiri Januari, hatapata nafasi hata ya kumwonyesha namna ya kutunga uzi.