Moto wa Kununua kwa Mkebe

Sina gari wala pikipiki, na matatu za Nakuru hunibeba msimu wa mvua tu. Siku kavu natembea. Hata hivyo, jioni ya tarehe 14 ya kila mwezi redio ya kibandani kwangu haizimwi mpaka bei mpya za mafuta zisomwe. Wateja hunicheka. "Mama, wewe na petroli wapi na wapi?" Huwajibu kwamba petroli imo kwenye sahani wanayokula.

Napika na kuuza chakula mtaani Kaptembwo. Asubuhi ni chai na mandazi, mchana githeri, chapati na madondo, na jioni ugali na sukuma wiki kwa wanaotoka kazini upande wa viwandani. Anayeuza chakula anauza moto. Unga na maharagwe kila mwenye kibanda anavinunua kwa bei inayokaribiana na ya mwenzake. Kinachotenganisha faida na hasara ni kile kinachowaka chini ya sufuria. Ndiyo maana nina daftari la chakula na daftari jingine la moto peke yake, na hili la pili ndilo lililonifundisha ninayotaka kusema hapa.

Bei inavyofika Nakuru

EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, hutangaza bei ya juu kabisa ambayo kituo cha mafuta kinaruhusiwa kuuzia kuanzia tarehe 15 hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Utaratibu wa kuwekea bei kikomo ulianza Desemba 2010. Mafuta huja Mombasa kwa meli yakiwa yamekwisha kusafishwa, kwa sababu kiwanda cha Changamwe kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013. Kutoka pwani husukumwa kwenye bomba hadi Nairobi, na tangu 1994 bomba hilo linapanda Bonde la Ufa kupitia Nakuru hadi Eldoret na Kisumu. Hapa tuna hata mtaa unaoitwa Pipeline. Kwa hiyo bei yetu haipishani sana na ya Nairobi, na nitataja za Nairobi kwa kuwa ndizo zinazosomwa kwanza.

Mwezi Mei 2020, dunia ilipojifungia ndani kwa sababu ya korona, lita ya petroli ilikuwa shilingi 83.33. Oktoba 2023 ilifika 217.36. Katikati hapo yalipita mambo mengi. Vita vya Ukraine vilianza Februari 2022 vikapandisha mafuta duniani kote. Septemba mwaka huohuo serikali mpya iliondoa ruzuku ya petroli. Julai 2023 ushuru wa VAT kwenye mafuta uliongezwa maradufu, kutoka asilimia 8 hadi 16. Shilingi nayo ilikuwa inadhoofika, hata Januari 2024 dola moja ikapita shilingi 160, na mafuta hununuliwa kwa dola. Baadaye shilingi ilipata nguvu na bei ikalegea. Septemba 2025 petroli ilikuwa 184.52, dizeli 171.47 na mafuta taa 154.78.

Ndani ya kila lita ya petroli au dizeli mna malipo mengine ambayo meli haihusiki nayo. Ushuru wa kutunza barabara ulikuwa shilingi 18, na Julai 2024 ukafanywa 25. Kuna shilingi 5.40 za maendeleo ya petroli, kuna ushuru wa bidhaa, kisha VAT juu yake. Hata mafuta yakishuka Uarabuni, malipo hayo, ukiacha VAT inayofuata bei, hayatikisiki.

Dizeli iliyo kwenye kiazi

Viazi vyangu hutoka Molo na Mau Narok. Hulimwa kwa trekta, hubebwa kwa pikipiki au punda hadi barabarani, hupakiwa kwenye lori, hushushwa Nakuru, kisha mkokoteni unavileta mtaani. Kila mkono unaovigusa unanunua mafuta, au unanunua chakula kutoka kwa mtu anayenunua mafuta. Bei ilipokuwa juu kabisa nilimlalamikia dereva anayeniletea viazi. Alishusha gunia, akapangusa mikono kwenye suruali, akaniambia, "Mama, usinikasirikie mimi. Kasirikia dizeli, na ukishamaliza nisaidie nami nikasirike nayo."

Dizeli iliposhuka nilimkumbusha maneno yake. Akasema matairi yamepanda. Nauli ni vivyo hivyo: hupandishwa siku moja baada ya tangazo, lakini kushushwa huhitaji mjadala. Mtu wa mtaa wa Rhonda anayefanya kazi ya kibarua mjini hutembea kwenda ili apande matatu kurudi, akiwa amechoka. Yule wa shambani Kuresoi anangoja bodaboda ipate abiria wa pili wagawane nauli. Kinu cha posho kinachotumia dizeli nacho huongeza bei ya kusaga gorogoro. Hakuna nyumba inayokwepa, iwe na gari au isiwe nalo.

Mafuta taa na dhambi ya wengine

Jiko la stovu lilikuwa rafiki wa mpangaji wa chumba kimoja. Halihitaji nafasi, linawaka papo hapo, na mafuta yake ulinunua hata ya shilingi 20 kwenye chupa ya soda. Mafuta taa yalikuwa rahisi kuliko dizeli, na urahisi huo ukawavutia walaghai waliochanganya hayo mawili na kuuzia wenye magari. Mwaka 2018 serikali ilijibu kwa kuweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuua faida ya uchakachuaji. Ulaghai ulipata dawa, lakini dawa yenyewe amenyweshwa mama mwenye stovu, ambaye hakuwahi kumiliki lori wala pampu.

Tunajua pia mahali ambapo uhaba unaweza kuwafikisha watu. Tarehe 31 Januari 2009, lori la petroli lilipinduka Sachangwan, karibu na Molo. Wakazi na wapita njia walikimbilia kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Kila ajali ya namna hiyo ikitokea husikia watu wakiuliza kwa nini maskini hawana akili. Mimi husema bei ya lita ikishindana na ujira wa siku, mtu atapima hatari kwa mizani yake mwenyewe, na mizani hiyo wewe uliyeshiba huna.

Hesabu ya gunia

Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba kati ya kaya 100 nchini Kenya, 55 zilitegemea kuni kupikia, karibu 24 gesi, karibu 12 makaa na karibu 8 mafuta taa. Takwimu hizo huuliza nyumba inategemea nini zaidi. Mitaani kwetu nyumba moja ina moto wa aina mbili au tatu. Jirani yangu huwasha gesi kwa chai na uji wa mtoto tu, hupika chakula cha jioni kwa makaa, na Jumamosi huchemsha maharagwe ya wiki nzima kwa kuni za kuokota. Akiishiwa na kimoja anahamia kingine, na hivyo hajawahi kulala bila kupika.

Makaa ndiyo niliyoyapigia hesabu kwa makini. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma, na bei ikaruka. Maranda ya viwanda vya mbao vya Elburgon, ambayo wengi tulikuwa tukiyashindilia kwenye jiko la bati, nayo yakaadimika. Julai 2023 Rais William Ruto alitangaza akiwa Molo kwamba marufuku imeondolewa, suala hilo likaishia mahakamani. Makaa hayakurudi bei ya zamani.

Siku moja nilinunua gunia kwa shilingi 2,400, nikalimwaga sakafuni na kulipima kwa mkebe uleule ambao muuzaji wa mlangoni hutumia, nikilundika juu kama anavyolundika. Lilitoa mikebe ipatayo 40. Mkebe wakati huo ulikuwa shilingi 80. Maana yake ni kwamba anayenunua kwa mkebe alilipa 3,200 kwa makaa yaleyale niliyolipia 2,400, theluthi nzima zaidi. Simlaumu muuzaji, analipa kodi ya kibanda, anabaki na vumbi la chini, na anakopesha watu wasiolipa. Lakini yule asiyeweza kukusanya 2,400 kwa siku moja ndiye anayelipia moto ghali kuliko wote mtaani. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kwenye makaa, haba na haba ni zetu na kibaba ni cha muuzaji.

Moto rahisi hauingiliki kwa mia

Gesi ni vivyo hivyo. Serikali imeichezea ushuru: VAT ya asilimia 16 iliwekwa Julai 2021, ikapunguzwa hadi 8 Julai 2022, ikaondolewa Julai 2023. EPRA haipangii gesi bei ya mwezi kama inavyopangia petroli, kwa hiyo inalipa kuulizia maduka kadhaa. Ukigawanya bei ya mtungi wa kilo 6 kwa siku unazopikia, mara nyingi utaona inashindana vizuri na makaa ya mkebe. Kikwazo ni siku ya kwanza, ya kununua mtungi wenyewe na kichwa chake, na kisha siku ile gesi inapokwisha ghafla tarehe 22, mshahara ukiwa bado mbali. Hapo mtungi unawekwa pembeni na mkebe wa makaa unarudi.

Hapo ndipo pia mtu hushawishika kwenda kujaza uani kwa mtu. Usiende. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 mlipuko wa gesi Embakasi, Nairobi, kwenye kituo kisicho na kibali katikati ya makazi, uliua na kujeruhi watu waliokuwa majumbani mwao. Nunua kwa muuzaji anayejulikana, na dai mizani. Uzito wa mtungi mtupu umechapishwa kwenye mtungi. Ongeza kilo 6, na kama mizani inasoma pungufu, umeuziwa hewa.

Stima nayo ina mambo. Kaunti yetu ndiyo yenye Olkaria, ambako mvuke wa ardhini umezalisha umeme tangu 1981, na mlima Menengai ulio mgongoni mwa jiji umeanza kuzalisha pia. Hata hivyo watu wengi huamini kupika kwa stima ni anasa. Kwa koili ya kawaida wana haki. Lakini sufuria ya umeme ya presha huivisha maharagwe kwa chini ya uniti moja, kiasi ambacho ni rahisi kuliko mikebe miwili ya makaa. Tatizo tena ni kununua sufuria yenyewe.

Nakuru ina jibu jingine ambalo wageni hulikunjia pua. Kampuni ya maji, NAWASSCO, hukausha kinyesi kinachotoka kwenye vyoo na mitambo ya majitaka, hukichoma kiwe kaa, hukichanganya na maranda yaliyochomwa, hugandisha kwa molasi na kuviringa vidonge vinavyouzwa kwa jina la Makaa Dotcom. Harufu huishia kwenye tanuri. Niliyaweka chini ya githeri bila kumwambia mteja yeyote, na aliyeuliza chochote aliuliza kama kuna chumvi.

Kuna na yale yasiyohitaji pesa. Loweka maharagwe usiku kucha kabla ya kuyachemsha. Funika sufuria. Mchele ukishachemka, uingize kwenye kikapu kilichojazwa matambara au blanketi kuukuu umalizie kuiva humo kwa joto lake. Na kama wapangaji wa ploti wanaelewana, wachemshe githeri sufuria moja kubwa na kugawana, kila mtu akakaangie kwake.

Tufanye nini

Serikali ina kazi mbili ambazo hazihitaji kungoja bei ya dunia. Ushuru wa shilingi 18 kwenye mafuta taa uondolewe. EPRA tayari hutia mafuta alama na kuyapima vituoni ili kunasa uchakachuaji, basi na walaghai wanaswe kwa njia hiyo. Pili, misaada ya nishati safi ielekezwe kwenye gharama ya siku ya kwanza, yaani mtungi, jiko na sufuria, kwa sababu hapo ndipo maskini hukwama.

Sisi nasi tuna chama. Wanawake wengi Nakuru wamo katika kimoja, na kwa miaka mingi tumezungushiana sahani, blanketi na masufuria ya kutia kabatini. Chama chetu kiliamua kwamba mzunguko mmoja uwe wa mitungi ya gesi, na unaofuata uwe wa makaa ya gunia, tunanunua pamoja na kugawana kwa mizani. Hakuna aliyetajirika, ila hakuna tena anayenunua kwa mkebe. Kwenye kikao chenu kijacho, kabla hamjaamua seti ya vikombe, pigeni kwanza hesabu ya moto.