Neno "Kupanda" na Baiskeli za Milimani

Huko Whistler, nchini Kanada, miteremko ya kuteleza thelujini hugeuzwa njia za baiskeli wakati wa joto, na watu hupandishwa juu pamoja na baiskeli zao kwa viti vining'iniavyo katika kamba ya chuma. Miinuko ya Mbulu haina theluji wala kamba hizo. Hapo ndipo utata wa neno "kupanda" udhihirikapo. "Kupanda baiskeli" ni kuikalia na kuiendesha. "Kupanda mlima" ni kwenda juu. Lakini apandaye kilima kikali haipandi baiskeli yake: huikokota, ijapokuwa magurudumu yaviringika, hayaburutwi. Kumbe aipandaye hasa ni yule ateremkaye, mkono katika breki. Mfasiri wa habari za mchezo huu na aandike "kuendesha". "Kupanda" humpotosha msomaji, akadhani mtu anakwenda juu.