Kabla Hujatia Sumu Kwenye Mzoga, Sikia Damu ya Tumbusi Inasema Nini

Wiki iliyopita, jua halijachomoza, kijana mmoja akanipigia simu. "Shikamoo bwana mifugo. Fisi wameniulia dume la kunenepesha. Nina dawa ya wadudu imebaki, niitie kwenye mzoga wakirudi wafe?"

Nikamwambia subiri, nakuja. Hasira yake naielewa: dume lile lilibakiza wiki tatu tu liende mnadani. Ila sumu ile haimchagui fisi peke yake. Nilipofika nilimpa kisa cha tumbusi, na leo nawapa na ninyi.

Miaka michache nyuma niliwasaidia watafiti kukamata tumbusi, huku kwetu pembezoni mwa Hifadhi ya Ruaha. Mimi nilishika ndege, kichwa kimefunikwa kitambaa. Daktari wa wanyama akatafuta mshipa chini ya bawa, akatoa damu mililita chache. Kanuni ni isizidi asilimia 1 ya uzito, yaani tumbusi wa kilo 5 asitolewe zaidi ya mililita 50, na wao huchukua chini sana ya hapo. Kichupa kikawekwa kwenye boksi la barafu, baadaye kwenye mashine ya kuzungusha damu ili majimaji yajitenge na chembe.

Wanapima nini?

- Asidi ya yuriki. Ule weupe kwenye kinyesi cha kuku wako ndiyo huo. Figo ndizo huitoa. Ikijaa kwenye damu, jua figo zina shida.
- Kolinesterasi. Ni kimeng'enya kinachohitajika na mishipa ya fahamu. Sumu za wadudu kama kabofurani hukizuia. Kikishuka, huenda ndege ameshaonja sumu hata kama bado anaruka.
- Madini ya risasi. Tumbusi humeza vipande vya risasi za bunduki vilivyobaki kwenye nyama.

Namba moja haitoshi, lakini. Tumbusi aliyetoka kula, asidi ya yuriki hupanda bila ugonjwa wowote. Aliyehangaika mtegoni, vimeng'enya vya misuli hupanda. Ndiyo maana wanaandika saa aliyokamatwa na kama gole limejaa, kisha wanamlinganisha na wenzake wazima wa aina na umri ule ule. Ni sawa na wewe: huwezi kumpima ng'ombe joto ukitoka kumkimbiza juani halafu useme ana homa.

Fundisho la India

Kuanzia miaka ya 1990 tumbusi wa India walianza kupotea. Kufikia 2007, aina moja iliyokuwa imejaa kila mahali ilipungua kwa zaidi ya asilimia 99. Wengi walidhani ni ugonjwa. Mwaka 2004 watafiti waliofanya kazi Pakistani wakatoa jibu: ndege waliokufa figo zimeharibika, na viungo vya ndani vimepakwa unga mweupe wa asidi ya yuriki. Chanzo kilikuwa diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo wafugaji waliwachoma ng'ombe wao. Ng'ombe akifa nayo mwilini, tumbusi wakila, asidi hupanda kwenye damu na wanakufa ndani ya siku chache.

Mwaka 2006 India, Nepali na Pakistani zikaizuia kwa mifugo, na meloksikamu, ambayo ni salama kwa tumbusi, ikachukua nafasi. Wafugaji wale hawakuwa na nia ya kuua ndege. Walikuwa wanatibu ng'ombe tu.

Wa sumu ya makusudi nao tunao Afrika. Mwaka 2019 nchini Botswana, tumbusi 537 walikufa kwenye mizoga ya tembo iliyotiwa sumu na majangili. Na tumbusi kwa kawaida hutaga yai moja tu kwa mwaka. Hao wanarudi lini?

Usije ukasema hayakuhusu. Tumbusi wakiisha, mzoga unaoza hapo hapo, mbwa koko na fisi wanazidi kusogea kwenye zizi lako. Na sumu hiyo hiyo inaua mbwa wako wa ulinzi.

Fanya hivi

1. Usitie sumu kwenye mzoga. Ni hatari na ni kosa kisheria.
2. Mnyama akiuawa, toa taarifa kijijini na kwa askari wa wanyamapori siku hiyo hiyo, mzoga ukiwa bado unaonekana.
3. Ukihitaji dawa ya maumivu ya ng'ombe, mwambie daktari unataka meloksikamu. Diklofenaki na ketoprofeni kataa.
4. Andika kila sindano kwenye daftari. Mnyama aliyechomwa dawa karibuni akifa, mfukie kwa kina.
5. Akifa ghafla huku damu ikitoka puani au nyuma, usimchune, usimguse. Huenda ni kimeta. Niite.

Yule kijana nilimuuliza, "Dume lilichomwa dawa yoyote?" Akafungua daftari: hakuna. Mwenyekiti wa kijiji akaja, akaona, akaandika. Basi tukauacha mzoga. Saa nne tumbusi wakaanza kushuka, jioni imebaki mifupa. Sisi tulishinda tunaongeza miiba kwenye zizi, pale fisi walipopenya.