Linux Inapogoma Kuwaka: Kujua Mashine Imekwama Wapi

Kompyuta ya mezani yenye Linux haiwaki kwa mpigo mmoja. Tangu kitufe kibonyezwe hadi skrini ya kuingilia itokee, kazi hufanywa kwa zamu. Programu ndogo iliyo kwenye ubao mkuu, iitwayo BIOS au UEFI, hukagua vifaa na kutafuta diski. GRUB hupokea zamu na kuonyesha mifumo iliyopo. Keneli, kiini cha Linux, hupakiwa pamoja na faili ya initramfs, inayobeba draiva za kutosha kuifungua diski. Kisha systemd huamsha huduma zote, na mwisho programu kama GDM au LightDM huleta picha na mahali pa kuandika nywila. Kila zamu hushindwa kwa namna yake na huacha ujumbe wake. Ndiyo maana swali la kwanza mbele ya mashine iliyogoma si kama ina virusi, wala kama ifomatiwe, bali imefika wapi.

Nakuru na maeneo ya kati ya Bonde la Ufa yana sababu zake za kuifanya mashine igome. Kaunti hiyo ina mitambo ya mvuke ya Olkaria, karibu na Naivasha, iliyoanza kuzalisha umeme mwaka wa 1981. Hata hivyo, nyaya zinazopeleka stima Njoro, Molo au Bahati hupita kwenye mvua, upepo na radi. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima iliingia gizani, na hali hiyo ikajirudia tarehe 11 Novemba na 10 Desemba mwaka huohuo. Kompyuta ya mkononi hubaki na betri yake stima ikipotea. Ya mezani huzimika papo hapo, hata ikiwa katikati ya kuandika faili. Juu ya hayo, kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa mjini zilikwisha kutumika miaka kadhaa ng'ambo kabla ya kufika, na vumbi la udongo wa majivu ya volkano huingia kwa urahisi kwenye matundu ya feni miezi ya kiangazi.

Mashine isiyoonyesha chochote tangu iwashwe, au inayolia milio mifupi huku skrini ikiwa nyeusi, haijafika kwenye Linux kabisa. Hapo kosa ni la vifaa: waya wa skrini, pawa saplai, au RAM ambayo meno yake yameshika uchafu. Mafundi wengi hutoa RAM na kusugua meno hayo kwa raba ya penseli kabla ya kuirudisha, na mara nyingi hilo hutosha.

Betri ndogo ya ubao mkuu, aina ya CR2032, yafaa kutajwa peke yake, kwa kuwa huwapoteza watu njia. Ina volti 3, na kazi yake ni kutunza saa na mipangilio ya BIOS mashine inapokuwa haina umeme. Ikiisha, na stima ikapotea usiku, mipangilio hurudi ilivyotoka kiwandani. Mpangilio wa diski ukibadilika kutoka AHCI kwenda RAID, Linux inaweza kushindwa kuiona diski iliyo nzima kabisa, na mwenye mashine akaamini kwamba diski imekufa. Dalili ya wazi ni saa kurudi nyuma miaka. Dawa ni kununua betri mpya, kuingia kwenye mipangilio na kurudisha AHCI. Apt nayo, programu inayoleta na kuweka masasisho, ikikuta saa ya kompyuta iko nyuma, huyakataa masasisho kwa hoja kwamba muda wake haujafika.

Maandishi "grub rescue>" yakitokea, GRUB imeamka lakini haioni faili zake. Hili hutokea patisheni zinapofutwa au kupangwa upya, mara nyingi baada ya kuongeza au kuondoa Windows. Mara nyingi faili za mwenye mashine bado zimo. Hutafutwa flashi yenye Linux hai, mashine ikawashwa kutoka hapo, kisha GRUB ikarudishwa kwa amri za grub-install na update-grub, au kwa programu ya Boot-Repair inayofanya kazi hiyo yenyewe.

Kwa wenye Windows na Linux kwenye mashine moja kuna kisa kilichozua tafrani duniani kote. Tarehe 13 Agosti 2024 Microsoft ilitoa sasisho la Windows lililokusudiwa kuzuia matoleo ya zamani ya GRUB yenye udhaifu wa usalama. Halikupaswa kugusa mashine zenye mifumo miwili, lakini liligusa. Kompyuta zilizokuwa zikiwaka vizuri zikazuiwa na ujumbe unaotaja "SBAT" na "Security Policy Violation". Njia ya kutoka ilikuwa kuzima Secure Boot kwenye mipangilio ya UEFI, kuingia Linux, kufuta sera ya SBAT kwa amri ya mokutil --set-sbat-policy delete, kuwasha upya, kisha kurudisha Secure Boot. Aliyefomati diski kwa ajili ya ujumbe huo alipoteza faili bure.

Zamu ya keneli ndiyo inayoumizwa zaidi na stima. Bando likiisha wakati wa kupakua masasisho, hakuna kinachoharibika, kwa sababu apt hupakua kwanza vifurushi vyote ndipo ianze kuviweka. Hatari huja stima ikipotea wakati wa kuviweka. Keneli mpya inaweza kuwa imewekwa huku initramfs yake ikiwa haijakamilika, na asubuhi skrini ikaonyesha "Kernel panic" pamoja na maneno kwamba mfumo mkuu wa faili haukuweza kufunguliwa. Vivyo hivyo hutokea patisheni ya /boot ikijaa keneli kuukuu. Ubuntu huacha keneli ya awali kwa ajili ya siku kama hiyo. Orodha ya GRUB huitwa kwa kushikilia Shift kwenye mashine za BIOS, au kwa kubonyeza Esc kwenye za UEFI. Katika sehemu ya chaguo za ziada huchaguliwa keneli iliyotangulia. Mashine ikishawaka, amri ya sudo dpkg --configure -a humalizia kazi iliyokatika, sudo apt autoremove huondoa keneli zisizohitajika, na sudo update-initramfs -u -k all hutengeneza upya faili iliyopungua.

Ikiwa mashine imesimama kwenye neno "initramfs" na mshale unaosubiri amri, keneli iko salama lakini mfumo wa faili una kasoro. Mfumo wa ext4, unaotumiwa na Ubuntu, Debian na Linux Mint, una jarida. Kabla ya kubadilisha mpangilio wa faili, huandika kwanza humo unachokusudia kufanya, kama mwenye duka anayeandika deni kwenye daftari kabla ya kutoa bidhaa. Stima ikirudi, mfumo husoma jarida na kumalizia au kuacha kilichokuwa nusu. Jarida huandikwa kwenye diski kwa kawaida kila sekunde 5, na hulinda hasa mpangilio wa faili, si kila neno lililokuwa likichapwa. Ripoti isiyohifadhiwa inaweza kupotea hata mfumo wenyewe ukipona. Jarida lisipotosha, amri ya fsck -y ikifuatwa na jina la patisheni, kwa mfano /dev/sda2, hurekebisha mengi, na exit huendeleza kuwaka.

Hapa subira ina thamani kubwa. Fsck huandika kwenye diski, na diski inayokufa huharibika zaidi ikilazimishwa kufanya kazi. Diski ikitoa mlio wa kugongagonga, au smartctl ikionyesha sekta zinazoongezeka kuharibika, faili zitolewe kwanza kwa ddrescue hadi kwenye diski nyingine. Marekebisho yasubiri.

Ujumbe wa "emergency mode" hutisha kuliko unavyostahili. Mara nyingi systemd imengoja sekunde 90 diski iliyoandikwa kwenye faili ya /etc/fstab, haikuiona, ikasimama. Huenda ni diski ya pili iliyochomolewa, au patisheni iliyofomatiwa na kupewa UUID mpya. Amri ya journalctl -xb huonyesha ni ipi. Mstari wa diski hiyo kwenye /etc/fstab huwekewa alama ya # mwanzoni, mashine ikawashwa upya. Diski zisizo za lazima ziongezewe neno nofail, ili kukosekana kwake kusiwahi tena kuizuia mashine nzima.

Zamu ya mwisho ni ya picha. Skrini ikibaki nyeusi baada ya draiva ya NVIDIA kusasishwa, kwenye GRUB hubonyezwa e, neno nomodeset likaongezwa mwisho wa mstari unaoanza na linux, kisha Ctrl na X. Nywila sahihi ikikubaliwa na skrini ya kuingilia ikarudi tena na tena, Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja hufungua ukurasa wa maandishi matupu, na df -h huonyesha nafasi iliyobaki. Diski iliyojaa kabisa ni chanzo cha kawaida cha hali hii. Sudo apt clean hurudisha nafasi ya haraka. Kama nafasi ipo, huangaliwa faili ya .Xauthority isije ikawa imeshikwa na root badala ya mtumiaji.

Karibu katika hali zote zilizotajwa, isipokuwa diski yenyewe inapokufa, tasnifu ya mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton au hesabu za duka la Gilgil bado zimo ndani. Flashi ya Linux hai huweza kuzisoma na kuzinakili hata mashine yenyewe ikiwa haiwaki. Kufomati huleta mashine inayowaka haraka, ndiyo maana hupendwa, lakini hufuta kile mwenye mashine alichokuja kukiokoa. UPS ndogo inayotoa dakika chache za kuzima kwa utaratibu ingezuia sehemu kubwa ya makosa haya, na kwa anayefanya kazi ya thamani kwenye kompyuta ya mezani si anasa. Anayepeleka mashine yake kwa fundi apige picha ya ujumbe ulio kwenye skrini, aeleze kilichotokea kabla haijagoma, na asikubali diski ifomatiwe kabla ya faili zake kunakiliwa kwingine na yeye mwenyewe kuzifungua na kuzihakiki.